Siku Maji Yaliponikataa

Kanzu zote za ubatizo za kanisa letu zilikataa kunitosha. Mama mlezi, yule anayesimamia wanawake kanisani, alinijaribishia moja baada ya nyingine kwenye chumba cha nyuma, na kila moja iliishia mabegani. Ya mwisho ilipasuka kwapani. Hakucheka. Aliikunja taratibu, akaichomeka chini ya zile nyingine, akaniambia, "Usijali, dada. Tutakushonea yako."

Mimi ni mnene tangu usichana. Kwetu huku milimani, ambako mtu anashuka bondeni na kupanda tena na mzigo kichwani kutwa nzima, watu wengi ni wakavu. Mimi sikukauka. Nilipanda milima ileile, nikalima matuta yaleyale, nikabaki na mwili wangu. Nilishazoea kukaa mwisho wa benchi ili nisimbane mtu. Kwa hiyo nilipoambiwa nitashonewa kanzu yangu peke yangu, nilishukuru na kuona aibu kwa wakati mmoja.

Mama mlezi alisimamia jambo hilo kwa moyo. Alinunua kitambaa cheupe cha nailoni, kile kizito ambacho hakionyeshi mwili kikilowa. Akamwagiza fundi aikate pana. Kisha akaagiza iwekwe lastiki kwenye mikono, shingoni na chini kwenye vifundo vya miguu, maji yasije yakanipandishia nguo nikaaibika mbele ya wanaume. Alinionyesha ile lastiki kwa kuivuta na kuiachia. "Hapa hakipandi kitu," alisema. Tukafurahi wote wawili.

Niseme kwanza kwa nini nilikuwa nakwenda kubatizwa ukubwani. Nilizaliwa katika nyumba ya Kilutheri na nilibatizwa nikiwa mchanga. Mume wangu naye. Lakini mume wangu alikuwa mlevi kwa miaka mingi, na kanisa hili jipya, lililoanzia kwenye banda la mbao pale kijijini kwetu, Malindi hii ya Lushoto, ndilo lililomtoa kwenye pombe. Sijui walimfanyia nini. Ninachojua ni kwamba alianza kurudi nyumbani jioni akiwa na akili zake, akawauliza watoto habari za shule. Mwanamke aliyeona hayo hahoji sana. Aliponiomba nami nibatizwe kwa maji mengi, nilikubali.

Mama yangu mzazi, ambaye nyumba yake iko juu kidogo ya yetu, hakupenda.

"Nilikubeba mwenyewe hadi kanisani, mvua inanyesha," aliniambia. "Yale maji yamekauka?"

"Mama, hapa mtu anazamishwa mwili mzima."

"Kumbe ubatizo siku hizi unapimwa kwa ndoo?"

Lakini siku ilipofika alikuja. Alisimama kwenye ukingo wa bwawa na kitenge chake kimeviringishwa kiunoni, mbali kidogo na wenzetu waliokuwa wakiimba.

Bwawa lenyewe ni la kumwagilia mboga, lililochimbwa chini bondeni. Ilikuwa kipupwe, ukungu bado umelala juu ya mashamba, na maji yalikuwa ya baridi ya kukata mifupa. Mchungaji alikuwa ndani, maji yakimfika kiunoni, pamoja na mzee mmoja wa kanisa wa kumsaidia. Waliobatizwa kabla yangu waliingia na kutoka upesi, kama mtu anayechovya andazi kwenye chai. Mimi niliwekwa wa mwisho. Hakuna aliyesema kwa nini.

"Usiogope," mchungaji aliniambia nilipofika kati. "Vuta pumzi nyingi, ziba pua, ujiachie."

Nilivuta pumzi yote iliyoweza kuingia. Wakanilaza nyuma. Maji yakaingia masikioni, kichwa kikazama, lakini tumbo halikwenda popote. Nilihisi nguo ikinijaa mwilini kama puto. Wakaniinua. Mchungaji alitabasamu, akasema tutarudia. Mara ya pili mzee wa kanisa aliniwekea mkono tumboni akabonyeza. Miguu ikaja juu. Akaliacha tumbo akaikamata miguu, kifua kikapanda. Wakibonyeza huku, kule kunainuka. Kanzu ilikuwa imetuna kila upande, nyeupe, nami nimelala chali juu ya maji kama gogo lililofunikwa shuka, naangalia ukungu.

Mtoto mmoja alicheka. Kisha wakacheka wakubwa, kile kicheko cha kuzuia kwa kiganja. Nilijua ni kicheko gani kwa sababu nimekisikia maisha yangu yote. Ningekivumilia. Lakini sauti ya mwanamke ikatoka katikati yao.

"Maji yanamkataa!"

Kicheko kikakatika. Mchungaji akaweka mkono juu ya paji la uso wangu akaanza kukemea, "Toka! Toka!" Nami, kwa kuchanganyikiwa, nikadhani ananiambia mimi nitoke majini. Nikaanza kuhangaika nisimame, nikamshika shati, karibu nimwangushe. Wengine wakapiga kelele wakidhani pepo limeamka. Mwisho mchungaji alisema kwa sauti ya upole, "Tutaendelea kumwombea dada yetu," wakanikokota hadi ukingoni.

Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu.

Aliyenipokea ni mama. Alivua kitenge chake akanifunika nacho mabegani. Maji yalikuwa yakinitoka kwenye miguu ya kanzu na kumwagika juu ya viatu vyake. Hakusema neno lolote juu ya ubatizo wala kanisa. Tulipanda ule mlima polepole, mume wangu akiwa mbele mbali kabisa, na tulipofika mlangoni mama aliniuliza, "Umekula?" Nikalia hapo.

Watu wa milimani tunaishi mbalimbali, kila nyumba na mgomba wake, lakini maneno hayasumbuliwi na mabonde. Siku ya soko nilipeleka pilipili hoho Lushoto mjini kama kawaida. Kijana mmoja wa kubeba mizigo alinipokea gunia, akamwambia mwenzake, "Huyu ndiye boya." Mwenzake akauliza, "Boya la majini au boya tu?" Wakacheka. Niliuza kwa bei waliyoitaka wanunuzi, bila kubishana, nikarudi. Baada ya hapo nilimwomba mume wangu apeleke yeye. Alikwenda, akarudi, akaketi jikoni bila kuniambia aliyoyasikia. Nilijua ameyasikia.

Wanawake wa maombi walikuja nyumbani. Mama mlezi aliwaongoza. Waliimba, wakapiga magoti, kisha mmoja akanishika mikono. "Dada, kuna kitu umekifunga moyoni. Kiachie."

Nilitafuta. Ninasema kweli, nilijipekua kama mtu anayetafuta sindano kwenye godoro. Nikawaambia kwamba wakati wa mavuno niliwahi kupeleka kanisani karoti zilizopinda, zile zilizonyooka nikaziuza. Nikawaambia kwamba nilipokuwa nikimngoja mume wangu arudi kutoka kilabuni, kuna siku nilimwombea asirudi. Hilo la pili lilinitoka kwa shida, na mume wangu alikuwa chumba cha pili. Wakasema, "Asante Yesu, endelea." Walitaka kitu kikubwa zaidi. Sikuwa nacho, nikaona aibu hata ya kutokuwa nacho.

Baada ya hapo niliacha kula chakula cha jioni. Niliwaza kwamba kama kosa si la moyo, basi ni la mwili. Ni mafuta haya yaliyofanya nichekwe. Nilikuwa nikimpakulia kila mtu, kisha najidai nimeonja wakati wa kupika.

Binti yetu wa kwanza yuko kidato cha pili, shule ya kutwa. Siku moja alirudi, akanisalimu shikamoo bila kunitazama, akatupa mkoba kitandani. Nikamfuata.

"Kuna nini?"

"Leo mwalimu wa fizikia amefundisha kuelea na kuzama," alisema. "Darasa zima lilinigeukia mimi."

Niliketi.

"Mwalimu hakujua kitu. Alikuwa na beseni lake, na msumari, na kipande cha mti. Anauliza, kwa nini hiki kinaelea? Mvulana mmoja akajibu, kwa sababu hakijatubu." Akafuta macho kwa mkono wa sweta. "Nilitamani nizame mimi."

Mtu akikuaibisha wewe, unajua pa kuiweka hiyo aibu. Aibu ikimfikia mtoto kwa sababu yako, haina pa kuwekwa. Nikauliza tu, ili kuwe na sauti chumbani, "Sasa mwalimu alisemaje?"

Alijibu kwa hasira, haraka haraka, kama mtu anayesoma mashtaka. "Kitu kikiingia majini kinayasukuma maji yahame. Na maji yanakisukuma chenyewe kwenda juu. Kama kitu ni kizito kuliko yale maji yaliyohama, kinazama. Kama ni chepesi kuliko hayo maji, kinaelea. Basi, mama! Hakuna pepo hapo."

"Lakini mimi si mwepesi," nilisema.

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Si wewe mwepesi. Wewe pamoja na nafasi uliyoichukua."

Sikuelewa. Alichoka kunieleza akaenda kuchota maji.

Kesho yake nilikuwa naosha mazao kwenye mfereji, kama nilivyofanya tangu utotoni. Karoti nilizimwaga kwenye beseni, zikaenda chini, hata zile ndogo kama kidole. Hoho nilipozimwaga, zikabaki juu zinazunguka, nono, kubwa kuliko karoti yoyote. Nimeziona hivyo maelfu ya mara. Nikaichukua hoho moja nikaipasua. Ndani hakuna kitu. Ngozi, mbegu kidogo, na uwazi. Nimeuza uwazi huo miaka yote bila kuufikiria.

Nikachukua sufuria niliyokuja nayo nikaiweka juu ya maji. Ikaelea. Ni bati, na bati linazama, lakini ilielea. Nikaiinamisha kidogo, maji yakaingia, ikashuka chini ikagonga mchanga. Sufuria ileile. Haikuongezeka mafuta wala dhambi. Iliyobadilika ni hewa iliyokuwa ndani yake, ambayo mwanzo ilikuwa imeshikilia nafasi ya maji bila kuwa na uzito wa maji.

Nikaikumbuka ile kanzu: nailoni nzito, pana, iliyobanwa shingoni, mikononi na miguuni. Nilikuwa nimeingia bwawani nikiwa nimevaa mfuko wa hewa uliofungwa kamba kila upande. Na kifuani nimejaza pumzi yote ya bonde, kama nilivyoagizwa. Na mwili wangu nao, binti yangu alinithibitishia baadaye, mafuta ni mepesi kuliko maji. Mume wangu aliye mifupa na misuli angezama hata akiwa amelala usingizi. Nilikaa kwenye jiwe. Nilidhani nitafurahi. Badala yake nilikumbuka nilivyosema mbele ya wale wanawake habari ya kumwombea mume wangu asirudi, na mwili ukanisisimka kwa aibu upya, maana nililisema bure.

Mume wangu nilimweleza wakati anakula. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Tukajaribu," alisema.

Tulikwenda alfajiri, kabla watu hawajaja kumwagilia. Nilikuwa nimezitoa lastiki zote kwa wembe. Niliingia na ile kanzu, na safari hii ilinifuata majini bila kutuna, viputo vikitoka chini na shingoni. Aliniegemeza kwenye mkono wake. Nikavuta pumzi kwa mazoea. Nikaelea.

"Toa pumzi," alisema.

"Nitakufa."

"Nimekushika. Toa."

Niliitoa kidogokidogo, na nikahisi jambo ambalo sijawahi kulihisi: maji yakinipokea. Yalipanda mashavuni, yakafunika pua, na mume wangu alinisindikiza kwa kidole tu, nikawa chini mwili mzima. Aliponiinua nilikuwa natema maji naye alikuwa anacheka, si kile kicheko cha kiganja. Kisha akaacha kucheka.

"Siku ile," alisema, "kamba za viatu hazikuwa zimefunguka."

"Najua."

"Niliona aibu. Nikawaza watasema, ndiyo mke wa yule mlevi." Alikuwa bado amenishika mkono. "Na yale uliyowaambia akina mama niliyasikia. Hukukosea kuniombea vile. Hata mimi nisingetaka nirudi."

Tulipanda nyumbani pamoja, tukitetemeka.

Nilikwenda kwa mchungaji, nikamsalimu, nikamweleza habari ya hewa. Si mtu mbaya. Alikuna kidevu, akasema inawezekana kabisa. "Tutarudia," alisema. "Ila dada, watu tusiwaingize kwenye mambo ya hewa. Ukizama, wenyewe watamtukuza Mungu. Inatosha."

Nikaitikia. Nilitaka liishe.

Mama alipopata habari alisema Mungu atachoka kuandika jina langu kila mara, na safari hii hakuja. Lakini watu wengine walijaa, wengi kuliko mwanzo, hata wasio wa kanisa letu. Nilitoa pumzi, nikalazwa, nikazama mwili mzima, na nilipoinuka vigelegele vilikuwa vimejaa bonde. Watu walilia. Mwanamke aliyesema maji yananikataa alinikumbatia nikiwa nimelowa. Nilikuwa nimetamani kibali chao kwa wiki nyingi, na sasa nimekipata, na kilinipa aibu kuliko kicheko. Walikuwa wanashangilia kutolewa kwa kitu ambacho hakikuwahi kuwa ndani yangu. Nikinyamaza, nitakuwa nimekiri kwamba kilikuwamo, na binti yangu atakuwa mtoto wa mwanamke aliyetolewa pepo.

Mchungaji akaniletea kipaza sauti. "Dada yetu, tuambie Bwana amekutoa nini leo."

"Hewa," nilisema.

Wengine wakaitikia "Amina" kabla ya kuelewa.

"Kanzu ya siku ile ilikuwa na lastiki," niliendelea, sauti inatetemeka kwa baridi. "Ilifungia hewa ndani. Na mimi nilikuwa nimejaza pumzi. Leo tumetoa lastiki, nami nimetoa pumzi. Sikuwa na kitu kingine."

Sikutaja aliyeagiza lastiki. Sikuhitaji kutaja. Nusu ya wanawake waligeuka kumtazama mama mlezi, aliyekuwa amesimama ukingoni ameniandalia taulo. Mmoja akaguna. Mwingine akasema, bila kujali kusikika, "Kumbe ni huyu." Mama mlezi alitazama chini. Akaikunja taulo, akaikunjua, akaikunja tena. Mchungaji akaanzisha wimbo upesi.

Hakuja kanisani Jumapili iliyofuata, wala ile nyingine.

Nilimwendea nyumbani. Alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda, tukaulizana habari za watoto na mashamba, kisha akarudia ungo wake.

"Nilitaka kukusitiri," alisema.

"Najua, mama mlezi."

"Nilikaa na fundi mwenyewe. Nikamwambia, kaza zaidi hapa chini." Alitupa kijiwe pembeni. "Ungeniambia kwanza, ningesimama niseme mwenyewe. Isingekuwa kama nimekamatwa."

Ni kweli sikumfikiria. Nilikuwa nimesimama pale nikiwa na aibu yangu mikononi, nikaona mahali pa kuitua, nikaitua. Kwamba mahali penyewe palikuwa mtu, na mtu aliyenitendea wema pale kanzu ilipopasuka, hilo lilinijia nikiwa tayari nimesikia ule mguno.

"Nisamehe," nilisema.

"Yatapita," alisema. Hakusema amenisamehe. Nilivuta kigoda karibu, nikachambua upande wangu wa ungo mpaka maharage yakaisha.

Alirudi kanisani kipupwe kilipoisha. Alichelewa, akaingia kwa mlango wa nyuma, na nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa ile ya pembeni yangu, kwenye benchi la mwisho. Watu wa mbele waligeuka, wakanong'onezana. Nilihisi uso unawaka, wa kwake na wa kwangu. Nilijisogeza hadi nusu yangu ikawa nje ya benchi, ili apate pa kukaa. Akaketi, akafungua pochi, akatafuta miwani yake bila kuiona. Wimbo ulikuwa umeshaanza. Nikamsogezea kitabu changu, nikamwonyesha kwa kidole tulipofika, akainama kusoma.